Miti ya Bakari

Siku majibu ya mkopo wa chuo yalipotoka, Zuhura alikuwa mtoni anaosha karoti. Maji ya mto ule hushuka moja kwa moja kutoka msituni, na asubuhi ukiyatia mkono vidole vinakufa ganzi hata kifungo cha gauni huwezi kukifunga. Alikuwa amepiga magoti juu ya jiwe, kanga imekazwa kiunoni, gunia la pili linakaribia kujaa, aliposikia sauti ya mdogo wake kutoka juu kwenye migomba.

"Dada! Dada Zuhura! Yametoka!"

Hawa alishuka mteremko mbio, ndala zikimpiga visigino, simu ameinua juu kama mtu anayevuka maji. Alipofika ukingoni pumzi zilikuwa zimemwishia.

"Wamenipa. Si yote, lakini wamenipa! Hela ya kula imo, na ada wamechukua nusu. Nusu nzima, dada!"

"Hongera," Zuhura akasema, akainamia karoti zake.

Hawa alisimama pale akisubiri neno jingine. Lilipokosekana, akacheka peke yake na kugeuka kumkimbilia mama yao. Zuhura aliendelea kusugua karoti moja ileile mpaka ngozi ikatoka. Hakuwa mtu wa kujidanganya. Alijua kilichomkaa kifuani kinaitwaje, na alijua hakikuanza leo. Ulikuwa wivu, na ulikuwa umemuota kama magugu yanavyoota kwenye tuta la vitunguu, ukiyang'oa asubuhi, jioni yapo.

Nyumba ya Mzee Twaha iko upande wa Vuga, kwenye bega la mlima, mahali ambapo shamba na uwanja wa nyumba havina mpaka. Jioni ile walikaa jikoni wote wanne kuzunguka moto: Twaha mwenyewe, mkewe Salma, na mabinti zao wawili. Mtoto wa kwanza, Bakari, alikuwa Dar es Salaam, na habari zake zilikuwa zikija kwa nadra kuliko mvua ya kiangazi.

"Nusu ya ada imebaki," Twaha alisema. "Na nauli. Na kitanda, na hiyo kompyuta wanayosema. Tutazame pa kupunguzia."

Wakaanza kutazama, na ajabu ni kwamba pa kupunguzia palikuwepo kila walikogeuka. Salma alimpigia simu mdogo wake Zakia, aliyeolewa Morogoro, na kabla hajamaliza kueleza, Zakia alikuwa tayari anapiga vigelegele kwenye simu. Hosteli ya nini? Chumba kipo, chakula kipo, chuo ni mwendo wa miguu. Kitanda kikafutwa. Hawa akasema kompyuta si lazima mwaka wa kwanza, wanafunzi wengine hutumia za maktaba. Kompyuta nayo ikafutwa. Twaha akakumbuka kwamba Mzee Faraji, mzaliwa wa pale mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kule Korogwe, kila mwaka humsomesha mtoto mmoja wa kijiji. Akienda kumwona na kumweleza, ada iliyobaki huenda ikapata mlipaji.

Zuhura alikuwa anamenya viazi. Kila njia iliyopatikana ilimpita mwilini kama mwiba.

"Mama," aliuliza bila kuinua macho, "mama mdogo Zakia alihamia lini Morogoro?"

"Aa, miaka kumi na zaidi. Hata Bakari alikuwa hajaondoka hapa."

"Na Mzee Faraji? Ameanza lini kusomesha watoto?"

Salma alimtazama, akaelewa swali lilikokuwa likielekea, akaufunika mdomo wake kwa upindo wa kanga. Twaha alijikohoza.

"Hayo ya nini sasa?"

"Nauliza tu, baba."

Aliuliza tu kwa sababu miaka tisa nyuma, jikoni humohumo, yeye ndiye aliyeketi karibu na moto na barua ya kuchaguliwa kidato cha tano. Shule ya bweni, mkoa wa mbali. Walitaka godoro, ndoo, sare, michango na nauli. Twaha aliuliza jumla yake, akaambiwa, akasema, "Hela hakuna, mwanangu," akanawa mikono akala. Hakuna simu iliyopigwa. Hakuna aliyekumbuka jina la mtu yeyote mwenye maduka. Kesho yake Zuhura alipewa jembe, na mwaka uliofuata akapata meza sokoni Lushoto. Wengine wangesema amejitahidi, maana hakuna wiki aliyorudi nyumbani bila sukari.

Sasa kwa Hawa kila mtu alikuwa na akili.

*

Siku chache baadaye Twaha alimfuata Zuhura shambani, jambo ambalo si kawaida yake. Alizunguka tuta la kabichi, akang'oa jani moja bovu, akalitupa.

"Hizo hela zako za kikoba," alisema hatimaye, "zimefika wapi?"

"Zipo."

"Mnagawana lini?"

"Mwezi ujao."

"Basi. Ikiwa Mzee Faraji atachelewa, tutaanza na hizo. Wewe huna mume, huna mtoto. Matumizi yako ni yapi?"

Alilisema vile mtu anavyosema mvua imekatika. Hakutaka kumuumiza. Ndiyo maana liliumiza zaidi. Zuhura alitazama mikono yake, iliyopasuka kwenye vifundo na kuingia udongo ambao hautoki hata kwa jivu. Aliwaza kwamba miaka ishirini na saba si mingi, ila mikono haijui.

"Nitafikiri, baba."

"Ufikirie nini? Ni mdogo wako."

"Nimesema nitafikiri."

Twaha akaondoka akinung'unika kwa Kishambaa, maneno ya chini chini ambayo binti aliyalea ndani mpaka usiku.

Nyuma ya nyumba, kuanzia choo mpaka ukingo wa korongo, ilisimama mikaratusi. Ilikuwa imenyooka, minene, mingine mtu hawezi kuikumbatia. Wanunuzi wa mbao kutoka Mombo walishakuja mara kadhaa na kuigonga kwa mikono yao wakitikisa vichwa kwa tamaa, na kila mara Twaha aliwapa chai na kuwarudisha mikono mitupu. "Ile ni ya Bakari," angesema. "Akirudi atajenga." Wakati wa kutafuta pa kupunguzia, wakati wa kukumbuka watu wa Korogwe na wa Morogoro, hakuna aliyegeuza shingo kutazama dirishani. Hata Zuhura hakuwa ameitazama. Mtu akiambiwa tangu utoto kwamba kitu si chake, jicho lake hujifunza kupita juu yake.

*

Mzee Faraji alikuwa mtu wa kuuliza kwanza. Hakutoa kitu kwa maneno ya baba mtu peke yake. Alipopanda mlima mwezi ule, kabla ya kufika Vuga, alipitia sokoni Lushoto, akatembea taratibu na fimbo yake katikati ya mafungu ya nyanya, akasimama mbele ya meza ya Zuhura.

"Shikamoo," Zuhura alisema, akajifuta mikono.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si binti Twaha? Nipimie peasi hizo. Zimeiva kweli?"

"Zimeiva, mzee. Onja."

Alionja, akakaa kwenye kreti lililogeuzwa, akala peasi yake kwa raha kama mtu asiye na safari. Kisha akasema, "Baba yako amekuja kwangu Korogwe. Mdogo wako amefanya vizuri, nimeona matokeo yake. Lakini nina maombi mawili mwaka huu, na uwezo wangu ni wa mtoto mmoja. Niambie kama unavyomwambia baba yako. Hali ya nyumbani ikoje?"

Zuhura angeweza kusema mambo mengi. Angeweza kusema kwamba bei ya kabichi ilianguka mpaka wengine wakawalisha ng'ombe. Angeweza kusema kwamba mama yake ana presha, na dawa hununuliwa kwa mafungu. Badala yake alimwona Hawa, siku ile mtoni, simu juu, akicheka peke yake.

"Baba ana miti, mzee," alisema.

"Miti?"

"Mikaratusi. Mteremko mzima nyuma ya nyumba. Wanunuzi wanakuja, anawakatalia."

"Anaiwekea nini?"

"Anamwekea kaka." Akaongeza ambalo halikuwa na ulazima. "Sisi hatuna shida hiyo, mzee. Yupo mwenye shida zaidi."

Mzee Faraji akatikisa kichwa polepole, akalipa peasi zake bila kudai punguzo, akamshukuru kwa kusema kweli. Zuhura alimsindikiza kwa macho mpaka fimbo ikapotea nyuma ya maduka ya vitenge. Kwa kitambo hicho kifupi alijisikia mwepesi, mtamu ndani, kama aliyekunywa soda ya baridi. Kisha mteja mwingine akaja akamwuliza bei ya hoho, na alipofungua mdomo kujibu aligundua kwamba hakumbuki bei.

*

Habari ilifika baada ya sala ya Ijumaa. Twaha alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi ya mkaa, na kabla ya kwenda msikitini alikuwa amepita kwa majirani watatu, akimwambia kila mmoja kwa mzunguko kwamba leo huenda kukawa na jambo. Alirudi kofia mkononi.

"Amempa Zuberi," alisema mlangoni.

Zuberi alikuwa kijana wa mjane aliyekaa ng'ambo ya korongo, nyumba ya udongo isiyo na dari. Hakuna aliyeweza kusema hakustahili. Hilo liliwanyima hata nafuu ya kulalamika.

"Kwa nini lakini?" Salma aliuliza. "Alikuambia nini?"

"Ameniambia, mbele ya watu, 'Twaha, wewe Mungu amekujalia, tumia ulichonacho.' Mbele ya watu! Wakacheka. Nani amemwambia mimi nimejaliwa?"

Zuhura alikuwa anapepeta maharage. Ungo haukusimama.

Hawa hakulia. Alikaa kwenye kigoda, akakunja miguu, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Ndipo akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu, "Hata za kikoba cha dada hazitoshi nusu iliyobaki. Nitaomba kuahirisha mwaka mmoja. Nitakwenda sokoni na dada, nitaweka akiba. Mwakani Mungu akipenda."

"Mwakani huo mkopo bado utakuwepo?" Salma aliuliza.

"Sijui, mama."

Zuhura aliinua macho, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, mdogo wake alimtabasamia. "Utanifundisha?" Hawa alimwuliza.

Akaitika. Angejibu nini kingine?

*

Mtu angedhani sasa wivu ungeshiba. Zuhura mwenyewe alidhani hivyo. Alikuwa amepata alichokitaka bila kukisema: mdogo wake ameshuka, wamekaa meza moja, wamefunga kanga za namna moja, matope ya namna moja miguuni. Lakini siku ya tatu tu wateja wakaanza kumwita Hawa kwa jina. Siku ya nne mama mmoja wa hotelini, mteja wa Zuhura wa miaka mingi, alipita upande wake akaenda kusimama upande wa Hawa. Hawa alikuwa na maneno. Aliwauliza watu habari za wagonjwa wao, aliwafungia hoho kwa mafungu ya rangi tatu tatu, kijani, nyekundu na njano, jambo ambalo halikuwahi kumpitikia Zuhura kichwani. Jioni walipofunga, meza ilikuwa nyeupe.

"Tumeuza, dada!"

"Tumeuza," Zuhura akakubali, na kile kitu kifuani kikajigeuza upande wa pili na kulala vizuri zaidi.

Kwa hiyo haikuwa chuo tu. Hata huku, kwenye kile alichokuwa amebakiziwa, alikuwa wa pili.

Wiki ya pili alikuja dalali wa kutoka Dar es Salaam, mtu mnene mwenye lori la mboga, anayejulikana soko zima kwa kuwasumbua wauzaji. Aliziangalia karoti zao, akazigeuzageuza kwa ncha ya kiatu, akataja bei iliyokuwa matusi.

"Kaka, hiyo hata mbolea hairudi," Hawa alisema.

"Mbolea si yangu, mrembo."

"Sawa. Basi na gari si langu. Likishuka tupu mpaka Dar, mafuta utalipa wewe." Alisema kwa upole, na wauzaji wa meza za jirani wakaangua kicheko. Akamtajia bei ya Mombo ya jana yake, akamtajia gharama ya kushusha gunia, akamwachia afikiri.

Dalali naye akacheka. Akaongeza bei, si sana, lakini akaongeza. Alipokuwa anahesabu noti alimtazama Hawa vizuri. "Wewe mtoto una kichwa," alisema. "Kwa nini hukusoma?"

Hawa akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, na wakati akikitoa alijifuta mikono kwenye kanga, upande wa mbele na upande wa nyuma, ingawa mikono haikuwa na kitu. "Hela, kaka," alisema. "Si unajua."

Zuhura alikijua kicheko kile. Alikuwa amekitoa yeye mwenyewe, mahali pale pale, kwa watu wengi, kwa miaka mingi. Alikijua kinavyoanzia tumboni na kinachobaki tumboni kikishatoka. Alimtazama mdogo wake akiokota karoti zilizoanguka, akaona kwamba vidole vyake vimeanza kupasuka kwenye vifundo.

Akavua aproni.

"Unakwenda wapi?" Hawa aliuliza.

"Nakuja."

Alikwenda nyuma ya choo cha soko, mahali ambapo mtandao unashika, akapiga namba ya chuo iliyokuwa kwenye simu yake tangu siku Hawa alipoituma kwa kila mtu. Ilipokewa mara ya tatu. Aliuliza swali ambalo, katika kelele zote za nyumbani, hakuna aliyekuwa amelifikiria. Ada lazima ilipwe yote kwa mara moja? Sauti ya mwanamke, yenye haraka lakini si mbaya, ilimjibu kwamba hapana, hulipwa kwa awamu, na mwanafunzi akilipa awamu ya kwanza anasajiliwa. Na bado hajachelewa? Bado, dirisha litafungwa mwisho wa wiki ijayo.

Alipokata simu alibaki amesimama pale penye harufu mbaya, akitazama milima. Kila kilima kilikuwa na miti ya mtu.

*

"Uza miti, baba," Zuhura alisema.

Walikuwa wamemaliza kula. Alikuwa ameshawaeleza habari za awamu, na kwa muda mfupi kulikuwa na furaha jikoni mle, mpaka ilipofika zamu ya kusema awamu ya kwanza itatoka wapi.

"Miti ipi?"

"Tuna mingine?"

Twaha aliweka kikombe chini. "Ile ni ya Bakari."

"Bakari amepiga simu lini?"

"Hayo si yako. Bakari ni mwanamume, lazima awe na pa kujenga. Hela za kuanzia zipo. Za kikoba chako. Nilishakuambia."

"Za kikoba ni zangu."

"Unaona?" Twaha alimgeukia mkewe. "Unaona roho yake? Mdogo wake anazama, yeye ana hela, anataka miti ya watu!"

"Mzee Faraji aliniuliza mimi," Zuhura alisema.

Alikuwa hajapanga kulisema. Lilitoka lenyewe, na likishatoka hakukuwa na namna ya kulirudisha, kwa hiyo alilimaliza. Alisema mzee alivyomkuta sokoni, alivyoonja peasi, alivyouliza. Alisema aliyomjibu, na lile la mwisho pia, kwamba hawana shida. Moto ulipiga kelele kidogo. Hawa aliacha kukusanya sahani.

"Wewe," Twaha alisema polepole. Alisimama, mkono umeinuka, na Zuhura hakurudi nyuma. "Umemwangusha mdogo wako."

"Ndiyo."

"Kwa nini? Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilimwonea wivu. Mlimpigia simu Zakia. Mkamkumbuka Faraji. Mimi mlinawa mikono mkala." Akanyoosha kidole dirishani. "Mimi nimemwangusha kwa wivu, baba. Na wewe uliniangusha kwa miti. Ilikuwa pale pale. Ilikuwa mirefu tayari."

Hawa aliinuka, akapita kati yao, akatoka nje. Mlango ulibaki wazi na baridi ikaingia. Twaha alitaka kumfuata, akasita. Ndipo Salma, ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kupinga neno mbele ya watoto, akaongea akiwa amekaa vilevile, macho kwenye majivu.

"Miche ile niliibeba mimi," alisema. "Kutoka kitaluni mpaka hapa, kichwani, na Hawa tumboni. Safari nyingi. Zuhura huyu akinifuata nyuma na kidumu cha maji, mtoto wa darasa la pili. Bakari alikuwa anacheza mpira." Akamwangalia mumewe. "Uliposema ni ya Bakari nilinyamaza. Nilidhani ni maneno tu ya kujisifia mtoto wa kiume. Sasa nasikia ulikuwa unasema kweli."

"Salma..."

"Ulale ukijua kesho nitakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba kibali cha kukata. Ukitaka twende wote, twende. Ukitaka nikuaibishe niende peke yangu, nitakwenda."

Twaha aliushusha mkono wake, uliokuwa bado umeinuka kana kwamba si wake. Alitoka akakaa barazani, na kikohozi chake kilisikika huko muda mrefu.

Asubuhi alikuwa amevaa kanzu kabla ya mkewe kuamka.

*

Walikata nusu tu, ile ya upande wa choo. Msumeno wa mnunuzi ulinguruma siku mbili, na kila mti ulipoanguka kuku walikimbilia chini ya ghala. Ilipokwisha, jikoni paliingia mwanga ambao haukuwahi kuwepo, na Salma aligundua jinsi kuta zake zilivyokuwa nyeusi. Twaha hakuomba radhi kwa mtu yeyote. Lakini alipoleta fedha aliziweka mezani mbele ya mabinti wote wawili, akasema, "Hizi ni za nyumba," akatoka. Habari za kikoba hakuzitaja tena. Bakari alipigiwa simu akaambiwa, akauliza imeuzwa kwa bei gani, akasema yuko kazini atapiga baadaye.

Hawa hakumsemesha dada yake siku zote hizo. Walilala chumba kimoja, migongo imetazamana. Siku ya safari, Zuhura ndiye aliyebeba begi mpaka stendi ya Soni, kwa sababu mama yao aliishiwa nguvu za miguu na baba yao alisema ana kazi. Walisimama kando ya basi linaloshuka Mombo, ukungu ukiwapita usoni.

"Bado nina hasira," Hawa alisema.

"Najua."

"Nikifika nitampigia mama. Wewe sitakupigia kwanza."

"Sawa."

Hawa alikunja uso, akitafuta kitu cha kuongeza. "Ungeniambia tu unaumia, dada. Ningekusikiliza."

"Ungefanya nini?"

Hakujua. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alichukua begi lake, akapanda, akakaa dirishani, na Zuhura alimwonea wivu kwa kiti kile, kwa tiketi ile, kwa pumzi aliyoipuliza kwenye kioo akakifuta kwa kiganja. Alimwonea wivu mpaka basi lilipopinda kona. Lakini mkono wake ulikuwa umeinuka unapunga, na kutoka dirishani, kabla tu ya kona, alidhani ameona mkono mwingine.

*

Kikoba kiligawanywa mwezi ule. Zuhura alichukua zake, akazifunga kwenye ncha ya kanga, na siku ya Jumatatu hakufungua meza. Alioga, akavaa gauni la Idi, akashuka mpaka chuo kimoja kidogo cha kilimo kilichokuwa bondeni, ambacho lori la mboga humpitisha mbele ya geti lake kila wiki. Alikuwa amekwisha kupiga simu. Waliomaliza kidato cha nne hupokelewa ngazi ya cheti, umri hauulizwi, ada ni kwa awamu.

Karani alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Alimtazama toka kilemba mpaka viatu.

"Karibu, mama. Umemleta mtoto?"

Damu ilimpanda Zuhura masikioni. "Hapana," alisema. "Nimejileta mwenyewe."

"Ooh." Karani alivua miwani, akaivaa tena. "Basi kaa hapo, mwanangu. Kuna mmoja mbele yako."

Kwenye benchi alikaa msichana wa miaka kumi na saba hivi, sare mpya yenye mikunjo ya dukani, viatu vyeusi vinavyong'aa, na pembeni mama yake ameshika mkoba wake kama anayelinda benki. Zuhura aliviona viatu vile. Aliuona mkono wa mama ukimrekebisha binti ukosi wa shati. Kile kitu kifuani kiliinua kichwa, kikatazama, kama kawaida yake.

Msichana aliinuka nusu, akapiga goti kidogo kwa adabu. "Shikamoo."

"Marahaba," Zuhura akajibu. Akakaa karibu naye, akaweka kiganja chake kilichopasuka juu ya fundo la kanga. "Unaanza cheti?"

"Ndiyo."

"Na mimi. Tutakuwa darasa moja. Usiniamkie kila siku, utachoka."

Msichana alimtazama mama yake, akamtazama Zuhura, akaangua kicheko. Halafu akajisogeza kumpa nafasi.